Siku Mzee Mwita Alipopasua Mpaka wa Duara

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina nililopewa na mama yangu, hiyo sitaisahau. Ilikuwa asubuhi ya masika. Nilikuwa uani napepeta mtama, ungo mkononi, nikasikia kilima kikinguruma kama tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa na majani mabichi. Kisha kimya. Kisha watu wakaanza kupiga yowe kutoka juu, na yowe la Mkurya, kama umezaliwa huku, unajua halipigwi kwa mchezo.

Nitakusimulia kilichotokea siku ile, lakini nivumilie, mimi ni mzee na mzee hatembei kwa kukimbia hata akiwa anasimulia.

Mimi ni Bhoke. Nilizaliwa Nyambureti, kwa wakulima, nikaolewa huku Nyamekoro ningali msichana mbichi. Leo ukipita Nyamekoro unaona mabati yanang'aa, zahanati, shule, mashine za kusaga, bodaboda zimejipanga kama ng'ombe kwenye josho. Unadhani mji huu uliota wenyewe kama uyoga. Haukuota. Nilipoletwa mimi, hapa palikuwa na njia ya ng'ombe, vibanda vya nyasi, na kilima chenye mashimo. Hata jirani zetu wa Nyakunguru walikuwa wanatucheka, wanasema kule kwenu ni kambi, si mji. Mvua mbili tatu zikinyesha mtaondoka kama kumbikumbi.

Na kweli tungeondoka. Kilichotubakiza hapa si dhahabu, na nakusimulia leo kwa sababu juzi nimesikia vijana wetu wamenoleana mapanga kugombea mpaka wa shimo. Nikasema, basi nisife na maneno haya tumboni.

Kilima chetu kilikuwa na maduara mawili makubwa. Duara ni hilo shimo la wachimbaji, linashuka chini kama kisima halafu linapinda na kufuata mwamba wenye mali. Duara la kwanza lilikuwa la Mzee Mwita, baba mkwe wangu. La pili lilikuwa la Mzee Nyamhanga. Wazee hawa walitahiriwa msimu mmoja, wakachunga pamoja, wakaiona dhahabu ya kwanza pamoja walipokuwa wanatafuta ndama aliyepotea. Lakini wahenga walisema, vikombe vikikaa kabati moja havikosi kugongana. Mali ilipoonekana, kila mmoja akaona mwenzake anamegea upande wake. Wakasusiana. Ikabidi liitwe ritongo, mkutano wetu wa wanaume wote wa kijiji, na wazee wakapanga mstari wa mawe kati ya maduara yale mawili, juu ya kilima, wakaapisha watu: mstari huu hauvukwi, juu ya ardhi wala chini ya ardhi.

Tangu siku hiyo Mwita na Nyamhanga hawakusalimiana. Walikutana njiani kila mmoja anaangalia mbuzi wake.

Sasa, mwaka niliochukua mimba yangu ya kwanza, mdogo wangu Chacha alinifuata huku kutafuta kazi. Tulikuwa wengi wasichana kwetu, lakini mvulana alikuwa yeye peke yake. Baba mkwe alimpokea vizuri, akamlisha, lakini kazi hakumpa. Alisema, "Mkwe hawezi kumtuma mkwe wake abebe kifusi. Siku nikimfokea nitakuwa nimeitukana familia iliyonipa mke wa mwanangu." Ilikuwa ni heshima, wala si roho mbaya. Basi Chacha akaenda kuomba kazi upande wa pili, kwa Mzee Nyamhanga, na Nyamhanga akamchukua bila kuuliza ametoka nyumba gani. Mume wangu, Marwa, alikuwa anachimba katika duara la baba yake. Kwa hiyo asubuhi nilikuwa napika chai moja, wanaume wawili wanakunywa, kisha mmoja anakwenda kulia na mwingine kushoto.

Ndiyo sababu niliposikia yowe ungo ulinidondoka. Sikujua nimlilie yupi.

Mtu alishuka mbio na kusema ni duara la Nyamhanga lililofunga mdomo. Udongo ulikuwa umelewa maji ya masika, ukashuka wote pamoja na matimba, yale magogo ya kushikilia kuta. Wengi walikuwa bado hawajaingia. Walioingia ni wawili tu: Chacha, na mgeni mmoja aliyeitwa Masanja, aliyekuja na miguu yake kutoka Usukuma na ambaye hapa hakuwa na shangazi wala binamu.

Nilikaa chini pale pale kwenye mtama uliomwagika, nikalia. Mama mkwe wangu, Robi, alinijia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Akanishika mkono, akaniinua.

"Machozi hayachimbi," akasema. "Nyamaza unisikilize. Marwa ametoka chini sasa hivi. Anasema akiwa mwisho wa duara letu anasikia mtu anagonga mwamba kwa upande wa pili. Wako hai."

"Basi si wawatoe, mama?"

"Kutoka juu kifusi kinateremka kila wakikitoa. Njia iliyobaki ni kupasua ukuta kutokea kwetu. Na mzee hataki."

Alinieleza, na mimi nakueleza wewe ili usije ukamhukumu baba mkwe wangu haraka. Kulikuwa na kiapo. Kulikuwa na maneno ya watu: Mwita akivuka mpaka, hata kwa wema, kesho ataitwa mwizi wa mali ya Nyamhanga. Na kulikuwa na jambo la tatu. Ukuta ule ndio uliobeba paa la duara letu, na pale pale chini yake, baada ya msimu mzima wa kuchimba mawe matupu, vijana wake walikuwa wamefika kwenye jiwe jeupe lenye nyuzi za mali unazoziona kwa macho. Kupasua pale ni kuliua duara lote.

Mama mkwe akasema, "Mimi nimemtumia mume wangu neno, amenyamaza. Marwa ameongea na baba yake, amenyamaza. Wewe ndiye hujaongea."

Mwanangu, wewe ni wa siku hizi, pengine hujui alikuwa ananiambia nini. Kwa mila yetu, mkamwana hamkaribii baba mkwe. Hampi mkono, hamtazami usoni, akipita unakaa pembeni ya njia. Kumsemesha tu ilikuwa ni jambo zito. Juu ya hilo, mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga kilima. Walisema akisogelea duara dhahabu inakimbia. Na mimi nilikuwa mwanamke, tena mwenye mimba.

Nikajifunga kanga yangu vizuri, nikapanda.

Wanaume waliniona kwa mbali, wakaanza kunifukuza kwa mikono kama kuku aliyeingia kwenye mtama. Nikapita. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye gogo karibu na mdomo wa duara lake. Aliponiona akageuka, akanipa mgongo, kama mila inavyotaka. Mimi nami nikapiga magoti nikamgeuzia mgongo. Tukaongea hivyo, yeye anatazama Serengeti, mimi natazama nyumbani.

"Shikamoo, Baba."

Aliitikia bila kugeuka. Kisha akasema, "Nani amekutuma huku?"

"Nimetumwa na tumbo la mama yangu, Baba. Aliye chini nililala naye tumbo moja."

"Kuna kiapo, mwanangu."

"Najua. Lakini huyu ninayembeba ni mjukuu wako, na mjomba wake ni mmoja tu. Siku akikua akaniuliza mjomba yuko wapi, nitamwonyesha kilima. Akiniuliza babu alikuwa wapi, Baba, nitamwonyesha gogo hili?"

Nilipoyatoa maneno hayo nikaogopa mwenyewe. Upepo ulikuwa unapiga kanga yangu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini fimbo ya karibu nayo inaweza kukuvunja mkono.

Nikasikia gogo limelia. Alikuwa amesimama.

"Mura," akamwita mume wangu, maana hivyo ndivyo tunavyowaita vijana wetu wa kiume, "chukua tindo na nyundo."

Mmoja wa vijana wake akaruka. "Mzee! Msimu mzima tumekula vumbi, leo mali hii hapa, tunaifukia kwa ajili ya watu wa Nyamhanga?"

Baba mkwe hakupandisha sauti. Nakumbuka kila neno. Alisema, "Dhahabu imelala humo chini tangu Mungu aumbe dunia. Haijawahi kufa kwa kukosa hewa. Mtu anakufa."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyetarajia. Akatembea hadi kwenye mstari wa mawe, akauvuka. Upande wa pili Mzee Nyamhanga alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anachota kifusi kwa mikono yake kama mtoto, kucha zinatoka damu. Mwita akasimama mbele yake.

"Nyamhanga. Naupasua mpaka kwa chini. Ukitaka kunishitaki, nishitaki kesho."

Nyamhanga akainua uso wenye tope. Miaka yote hiyo hawakuwa wamesemeshana.

"Pasua," akasema. "Pasua, ndugu yangu."

Hapo ndipo nilipojifunza uzito wa kuomba. Vijana wengine walikuwa tayari kushuka, lakini baba mkwe akawazuia. "Siwezi kumtuma mtoto wa mtu mahali ambapo paa halina uhakika," akasema. "Atashuka wa kwangu." Marwa akajifunga kamba kiunoni. Alinitazama mara moja tu, akashuka. Nikabaki nimesimama pale juu, nimeomba mtoto wangu wa tumboni apate mjomba, na kwa kinywa hicho hicho nimempeleka baba yake shimoni. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga; mimi niliyechimba kwa maneno nimeingiza mume.

Hakuna aliyenifukuza tena. Mama mkwe alipanda akasimama kando yangu. Baadaye wanawake wengine wakapanda na maji na uji, na wanaume waliokuwa wanatuita mkosi wakapokea vibuyu wakanywa.

Tulisikia nyundo kwa mbali, chini ya nyayo zetu. Jua likapanda, likasimama utosini, likaanza kushuka. Marwa alituambia baadaye jinsi ilivyokuwa. Ukuta ulipotoboka kwanza ilitoka hewa mbaya, ya moto, kisha vidole. Vidole vya Chacha. Akapanua tundu mpaka likatosha bega, akamvuta. Chacha alikuwa mzima, ila kinywa kimejaa vumbi hata kusema hawezi. Lakini alipovutwa hakutaka kwenda juu. Alikuwa anaonyesha nyuma kwa mkono. Masanja mguu wake ulikuwa umebanwa na gogo.

Paa lilishaanza kudondosha vijiwe. Marwa angeweza kutoka. Alikuwa amempata shemeji yake, kilichompeleka amekipata, na Masanja hakuwa wa mtu. Aliniambia, "Nilifikiri, nikitoka sasa, nitakula ugali na nani, na nani ataniangalia usoni?" Akapenya kwenye lile tundu mwenyewe, Chacha akarudi nyuma yake, wakainua gogo kwa nyundo na migongo, wakamvuta yule Msukuma kama gunia.

Sisi juu tuliona kamba inatikisika. Wanaume wa pande zote mbili wakaishika, wa Mwita na wa Nyamhanga, mikono imechanganyika. Wa kwanza kutokea alikuwa Masanja, wa pili Chacha, kila mara kamba ikashushwa tena. Kabla ya wa tatu, ardhi ikatikisika, na mdomo wa duara ukatoa vumbi jekundu kama moshi wa tanuri. Duara la baba mkwe wangu lilikuwa linajifunga.

Mwanangu, sikulia. Nilikuwa nimeambiwa machozi hayachimbi. Nilishika kamba pamoja na wanaume, na mimba yangu, nikavuta. Kamba ilikuwa nzito. Kitu kizito mwisho wa kamba, siku ile, kilikuwa habari njema. Tukavuta, na ndani ya vumbi mtu akakohoa.

Ndiye huyu babu yenu mliyemkuta hapa, aliyekuwa anawatisha kwa kikohozi chake. Hakikumtoka tena.

Duara halikufunguka. Walijaribu kiangazi, wakakuta maji yamejaa, wakaliacha. Lile jiwe jeupe lenye nyuzi liko chini mpaka leo, na baba mkwe alikufa mzee sana bila kulishika. Nilikuwa nasikia watu wakimuuliza kama hajuti. Alikuwa anaonyesha kwa kidole wajukuu zake na watoto wa Chacha wakicheza, anauliza, "Nijutie nini hapo?"

Baada ya siku kadhaa Mzee Nyamhanga alikuja nyumbani anaswaga mtamba mzuri mwekundu. Akasimama mlangoni mwa boma. Alikuwa mtu mwenye kiburi.

"Mwita," akasema, "sijui kusema."

"Basi usiseme," baba mkwe akamjibu. "Ingia ule."

Wakala sahani moja. Toka hapo duara lililobaki wakalichimba pamoja, na ritongo lilipokaa, mawe ya mpaka yakasukumwa pembeni, na wazee wakawafanyia wote wawili tambiko la kuondoa kiapo. Na mimi? Walikuwepo waliotaka niadhibiwe kwa kumsemesha mkwe na kukanyaga kilima. Baba mkwe alichinja mbuzi wa kusafisha jambo lile, maana mila aliiheshimu, lakini aliwaambia hivi: "Mila ni zizi. Linalinda mali yetu. Ila zizi lisilo na mlango, ng'ombe watafia ndani." Sikuadhibiwa. Na ule msemo kwamba mwanamke anafukuza dhahabu ukaanza kufa siku ile. Wanawake wakaanza kuponda na kuosha mawe kwa haki yao.

Masanja mguu haukunyooka. Kuchimba hakuweza, na kwao kulikuwa mbali. Wazee wale wawili wakampa kiwanja njia ya ng'ombe ilipokutana na njia ya kilima, kila mmoja akimega upande wake. Akaweka meza ya chumvi, sabuni na viberiti. Pembeni yake mama mmoja akaweka vitumbua, kisha fundi baiskeli akaja, kisha mashine ya kusaga. Ndilo soko letu hili. Watu wa Sirari, kule mpakani, walipoanza kuleta bidhaa, walikuwa wanasema tunakwenda kwa Msukuma. Shule ilijengwa na watu waliokuwa wamezoea kushika kamba moja. Mwamba ulipopungua, kambi nyingine za jirani zilihama usiku na mchana mpaka zikabaki mashimo na nyasi. Sisi tulibaki. Walisema mvua mbili tatu. Zimenyesha mvua ngapi tangu hapo?

Masanja alipofariki, kaburi lake lilichimbwa na wana wa Mwita na wana wa Nyamhanga, na hakuna aliyekumbuka kwamba hakuwa na ndugu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Nimesikia dhahabu imepanda tena, na mmerudi kilimani na mitambo ambayo sisi hatukuiota. Sikukatazi. Chimba. Umaskini si sifa, na mimi mwenyewe nimelisha watoto kwa kilima hicho. Lakini kabla hujamjua mnunuzi, mjue anayechimba upande wa pili wa ukuta wako: jina lake, kwao, watoto wake. Siku paa likishuka hutasikiwa na mnunuzi. Atakayesikia unagonga ni yule uliyekuwa unamnolea panga.

Mpaka uuheshimu, mtu asiye na mpaka ni mwizi. Ila ujue umewekwa ili watu waishi, na siku unapowaua, uupasue, kisha ukajibu kesho. Mgeni asiye na mtu usimhesabu kuwa si wa mtu. Yule asiye na kwao ndiye mara nyingi anayekaa akajenga, maana hana pa kukimbilia. Na wewe binti yangu, uliyeambiwa unyamaze: kuwa na adabu, piga magoti, geuza mgongo kama ni lazima, lakini sema. Heshima haikukata ulimi. Tena ukishaomba jambo, usirudi nyumbani kusubiri matokeo. Kaa pale, shika kamba.

Mimi nimemaliza. Nyinyi mliobaki na kilima hiki, Mungu wa baba zetu awatangulie mnaposhuka na awahesabu mnapopanda. Matimba yenu yashike. Ng'ombe wenu wazae mapacha, mtama wenu ushinde ndege. Mkigombana, mpatane kabla ugali haujapoa. Na popote utakapokuwa chini gizani unagonga ukuta, mwanangu, asikosekane mtu wa kukusikia.